Kiti cha nyuma: niliyowaambia wakufunzi wenzangu wa sayansi

Wenzetu wa chuo jirani walinialika mimi na fundi wetu wa maabara tukaongee kwenye siku yao ya wakufunzi. Baadae watu wakawa wanaomba maandishi, kwaiyo nimeandika kama nilivyoongea, pale nilipojichanganya nimekata kidogo, utani nimeuacha.

Mkuu wa chuo, wakufunzi wenzangu, mafundi wa maabara mliokaa huko mwisho kabisa kama kawaida yenu, na wanachuo mnaochungulia dirishani mkidhani hatuwaoni, habari za saa hizi. Wazee wangu shikamooni.

Sina slaidi. Sio kwamba nimesahau flashi, ni kwamba kila nikiwasha projekta huwa naacha kuangalia watu naanza kuangalia ukuta, na leo nataka niwaangalie.

Nimeambiwa niongelee ufundishaji jumuishi wa sayansi vyuoni, yaani kufundisha bila kumwacha mtu nyuma. Najua neno hilo likitajwa vichwani mnaona nini, mnaona kiti cha magurudumu na ile picha ya watoto wameshikana mikono. Hata mimi nilikuwa naona hivo hivo. Niliwahi kwenda semina ya siku mbili, ukumbi una kiyoyozi, chakula kizuri, posho tukasaini, cheti nikakining'iniza ofisini, alafu Jumatatu nikaingia darasani nikafundisha vile vile nilivyofundisha Ijumaa. Mwezeshaji hakuwa na kosa, alikuwa mtu mzuri tu na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 anaijua mpaka vifungu. Ila sisi tulikaa pale kama watu waliosindikiza mgonjwa hospitali, anayeumwa ni mwingine sie tumekuja kumshikia kadi.

Sasa niwape kisa changu, na ni cha aibu, kwaiyo msinikatishe maana nikisimama sitaendelea.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kijana mwaka wa kwanza, tumwite kijana tu. Praktiko yetu ya titresheni, ile ya kudondoshea asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke usome umetumia kiasi gani, ni ile mnayoijua wote, sodiamu kaboneti kwenye chupa, asidi hidrokloriki kwenye bureti, indiketa, ile dawa ya kuonyesha mwisho kwa rangi, ni methili oranji, inaanza njano unasubiri iguse rangi ya chungwa unafunga koki. Darasa zima wanapata mililita 24.6, 24.8, 24.7 huko. Yeye anapata 27, anarudia anapata 22, anarudia tena 29. Na kila akikaribia mwisho anamwinamia jirani yake ananong'ona "imegeuka?" Nikamwonya mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nikamnyang'anya karatasi nikaandika sifuri kwa wino mwekundu, kosa lake kuangalizia. Na nikatoa hotuba fupi pale pale kuhusu uaminifu wa kisayansi, mnajua tunavyopenda hizo hotuba.

Aliyeniamsha sio daktari wala mwezeshaji wa semina. Ni huyu fundi wetu aliyekaa pale nyuma. Alikuja ofisini jioni akasema mwalimu, yule kijana haoni rangi. Nikamuuliza umejuaje, akasema alikuwa anaosha naye vyombo akamwambia lete chupa yenye kifuniko chekundu, kijana akaleta ya kijani, akamrudisha, akaleta ya kijani nyingine. Basi fundi akachukua vizibo vya soda vya rangi tofauti akamwaga mezani akamwambia tenga. Rundo moja lilikuwa na vyekundu, vya kijani na vya kahawia vyote pamoja, kijana ametulia kabisa anaona kapanga vizuri.

Hapo ndo nikaanza kuelewa. Kijana huyu amekaa miaka yote ya sekondari akijua kuna kitu wenzake wanakiona yeye hakioni, ila alidhani ni ujinga wake. Na kibaya zaidi, mwenzangu wa baiolojia anafundisha hii mada kila mwaka! Kromosomu X, mwanaume anayo moja tu kwaiyo jeni ikiwa na hitilafu hana ya akiba, anachora na mti wa ukoo ubaoni, miduara ya wanawake, miraba ya wanaume, na kijana amekaa mstari wa tatu anaandika notisi safi kabisa kwamba duniani kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama mmoja kati ya 12. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, ila wapo, na mwenye darasa la watu 60 ahesabu mwenyewe.

Alafu kuna John Dalton. Kila mtu humu ndani kafundisha nadharia ya atomu ya Dalton. Mnajua kwamba Dalton alikuwa haoni rangi? Mwaka 1794 alisimama mbele ya wasomi wenzake Manchester akaeleza macho yake yanavyomdanganya, ni moja ya maelezo ya kwanza ya kisayansi ya hali hiyo. Yeye alidhani ndani ya jicho lake kuna maji ya bluu yanayochuja rangi, akaagiza akifa jicho lipasuliwe liangaliwe. Alipokufa 1844 wakalifungua, maji meupe tu, hamna bluu. Vipande vya jicho vikahifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti wakapima DNA yake wakakuta kweli alikosa moja ya vipokezi vya rangi. Sasa fikirieni, Dalton mwenyewe angekuja kwenye maabara yangu angeondoka na sifuri na hotuba ya uaminifu juu.

Suluhisho lenyewe lilikuwa dogo mpaka inatia hasira. Kuna indiketa inaitwa bromofenoli bluu, inageuka karibu kwenye pH ile ile, yaani kiwango kile kile cha asidi, ya methili oranji, ila yenyewe inatoka bluu kwenda njano, na bluu na njano kijana anaziona bila shida. Na mita ya pH tulikuwa nayo, moja, imefungiwa kabatini isije ikaharibika. Imekaa kabatini mpaka betri zikavuja. Ile sifuri yangu ndo sikuweza kuifuta, matokeo yalishafungwa.

Kikundi chetu cha wakufunzi cha kujifunza pamoja kilianzia hapo. Hakuna aliyetoa waraka. Fundi alimsimulia mwalimu wa baiolojia, wa baiolojia akaja kwangu amenuna, tukakaa stoo ya maabara na chai ya kwenye chupa tukaanza kuulizana, hivi kuna wengine wangapi tumewafelisha bila kujua? Alhamisi iliyofuata tukawa watano, kemia wawili, baiolojia, hisabati na fundi. Na fundi aliingia kama mwenzetu, sio wa kutuletea vikombe, hilo nalisema kwa sauti kwasababu najua vyuo vingi ikifika neno "wakufunzi" fundi anaachwa mlangoni, wakati yeye ndo anakaa na wanachuo masaa matatu wakiwa wametoa uoga.

Tukawekeana sheria moja kubwa, kila anayekuja aje na kitu kilichomshinda. Mafanikio peleka kwenye kikao cha idara. Na baada ya wiki kama nne hivi za kusimuliana, mwalimu wa hisabati akasema kitu kilichobadilisha kila kitu, akasema jamani hapa tunasimuliana vya kukumbuka, na mtu anakumbuka vinavyompendeza. Kwanini tusiingie madarasani kwa wenzetu tukae nyuma?

Mtaona ni kitu kidogo. Nawaambia chuo chetu nilikuwa na miaka tisa pale na sijawahi kukaa kwenye darasa la mwenzangu hata dakika kumi. Mlango ukifungwa hiyo ni nchi yako. Anayeingia ni mkaguzi, na mkaguzi akija unafundisha lile somo la mkaguzi, si tunajuana.

Tulikuwa na mzee wetu wa fizikia, alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, yeye tulipomwendea alicheka akasema, "Yaani mimi nije kukaguliwa na watoto niliowafundisha?" Na ni kweli mimi alinifundisha. Nikamwambia shikamoo mwalimu, sio kukukagua, nataka nije nijifunze fizikia nimeisahau. Akasema njoo. Nilidhani natumia ujanja, kumbe nimesema ukweli, maana nilikuwa nimeisahau kweli.

Siku ile nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Dakika kumi za kwanza naelewa, dakika ya kumi na tano nimepotea. Mzee anaongea Kiingereza chake kizuri, ubaoni mishale inaenda huku na kule, mimi nina digrii mbili, nimefundisha miaka zaidi ya kumi, na nina swali. Mkono haunyanyuki! Nawaza nikiuliza hawa vijana watasema nini, mwalimu mzima hajui. Nikainama nikaanza kunakili ubao kama kasuku. Nikageuka pembeni, nikakuta mstari mzima wa nyuma wanafanya ninachofanya mimi. Vichwa chini, kalamu zinakimbia, hamna anayejua anaandika nini. Miaka yote nilikuwa nikiwaona hivo toka mbele najisemea hawa leo wametulia, wako siriasi.

Na hapo lugha ina mkono wake. Watoto wetu wamesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, wamefika chuo bado wanatembea na magongo mawili. Mtaani fosi, pawa na eneji zote ni nguvu. Jamaa ana nguvu, umeme una nguvu, gari lina nguvu, chai haina nguvu. Vitabu vya Kiswahili vinatofautisha, kani ni kani na nishati ni nishati, lakini nani anaongea hivo kwenye daladala?

Mle ndani ya darasa la mzee binti mmoja akanyoosha mkono, akaanza Kiingereza kikamkatikia njiani, akamalizia Kiswahili, "Mwalimu, mtu akisukuma ukuta asubuhi mpaka jioni, ametoka jasho, amechoka, mbona tunasema hajafanya kazi?" Darasa likacheka. Unajua kile kicheko, wewe binti hujui hata kazi ni nini kwenye fizikia, ukuta haujasogea kwaiyo kazi sifuri, imeisha hiyo. Mzee akaweka chaki chini. Akasubiri wakamaliza kucheka, akasema kwa upole kabisa, "Haya, mliocheka mnajua. Mmoja asimame atueleze hilo jasho limetoka wapi."

Kimya. Hata mimi nilikuwa kimya, maana ukiniuliza haraka haraka ningesema sifuri nikakaa. Binti alikuwa ameuliza swali zito kuliko darasa zima, kwamba ukuta haujapokea kazi yoyote kweli, lakini ndani ya misuli nishati inatumika, misuli inakaza na kulegea muda wote, inageuka joto, ndo hilo jasho. Wakaongea dakika ishirini, kwa Kiswahili, mzee anaandika maneno ya Kiingereza pembeni ya ubao ili mtihani usije kuwashangaza. Somo halikuisha siku ile. Na mzee ndo aliyekuwa hataki kukaguliwa na watoto, nilitoka pale nimejifunza kwake mara ya pili.

Najua mtaniambia kisa cha Mpemba. Kila mwalimu wa sayansi nchi hii anakisimulia, tena kwa fahari. Erasto Mpemba, kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, 1963, wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friza inagombewa, yeye akaweka maziwa yake yakiwa ya moto bila kusubiri yapoe, na yake yakaganda kabla ya ya mwenzie. Sisi tunakisimulia kama kisa cha kijana jasiri. Mimi siku hizi nakisoma kama kisa cha walimu. Mwalimu wa kwanza akamwambia umechanganyikiwa, haiwezekani. Baadae Mpemba akaongea na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu Tanga mjini, na yule akamwambia sie hata tunaweka ya moto makusudi igande haraka, yaani muuza aiskrimu alishajua! Mpemba akafika sekondari ya Mkwawa Iringa akauliza tena wakati wanasoma sheria ya Newton ya kupoa, mwalimu akamjibu hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia nzima, na toka hapo akikosea hesabu wenzie wanasema ni hisabati ya Mpemba. Alafu akaja mgeni, Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, kijana akauliza swali lile lile mbele ya wote, wenzie wakacheka tena. Osborne hakuwa na jibu. Hakuamini pia, ila aliahidi atajaribu.

Akarudi Dar akampa fundi wake ajaribu, na hiki ndo kipande nakipenda kuliko vyote, fundi akaripoti kwamba ni kweli ya moto imeganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi. Osborne mwenyewe ndo aliyekiandika hicho, kwenye makala waliyochapisha na Mpemba 1969. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo, 2016 kuna waliopima wakasema hawaoni kitu, na sio shida. Shida yangu ni mahesabu mengine. Mpemba alikutana na mtu mmoja aliyesema nitajaribu baada ya miaka ya kuchekwa. Je asingekutana naye? Wangapi kwenye madarasa yetu wako kwenye ile miaka ya kuchekwa sasa hivi, na sisi ndo tunaongoza kicheko?

Basi tukaanza kuhesabu. Zamu yangu ilipofika fundi alikaa nyuma na daftari la mistari, kazi yake ilikuwa mbili tu, aandike nani nimemuuliza, na nimesubiri sekunde ngapi kabla sijajijibu mwenyewe. Niliuliza maswali 19. Kumi na nne yalijibiwa na vijana wanne walewale wa mbele kulia, na majina yao ndo hayo tu ninayoyajua vizuri. Kusubiri kwangu ilikuwa sekunde moja, nyingine fundi kaandika "hakusubiri". Nilimbishia! Nikasema saa yako mbovu. Kumbe kuna mama mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alishapima haya kwenye madarasa ya sayansi akitumia tepu rekoda, akakuta walimu wanasubiri kama sekunde moja, na wakifundishwa kusubiri tatu majibu yanarefuka na watoto waliohesabiwa wazito wanaanza kuongea. Sekunde tatu ukiwa umesimama mbele ya watu ni ndefu aisee. Mimi nahesabu kimoyomoyo, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, huku mkono umeshika chaki nisije nikafungua mdomo.

Kwenye maabara wa baiolojia akaona kitu kingine ambacho mimi nilikuwa nakipita kila wiki. Kila kundi la watu wanne lina msichana mmoja au wawili, na kila kundi msichana ndo katibu. Anaandika vizuri, mwandiko wake unasomeka, kwaiyo anashika kalamu, mvulana anashika bureti. Mwisho wa muhula msichana ana ripoti safi na hajawahi kufungua koki hata mara moja, na huyu tunampeleka akafundishe praktiko kwa watu. Tukapanga zamu kwa namba, kila titresheni mtu anahama nafasi. Wavulana walilalamika kwamba ripoti zimekuwa hazisomeki. Vizuri, nao wajifunze kuandika.

Mwaka wa pili wa kikundi ndo tukapata mwanachuo asiyeona, anasoma baiolojia na Kiswahili. Tukachangamka kupita kiasi. Tukatengeneza mchoro wa moyo wa kupapasa, manila kubwa, mishipa ya uzi wa katani, vali za maharage, mchanga, gundi ya mbao, kila kitu kipo, tulikesha. Tukamkabidhi kwa mbwembwe. Akapapasa weee, akatulia, akasema, "Walimu nashukuru sana, ila hapa mmeniwekea shamba zima, mimi natafuta moyo."

Tulicheka mpaka machozi, na safari hii yeye ndo alicheka kwanza. Akatufundisha. Kidole hakioni picha nzima kwa mpigo kama jicho, kinasoma kipande kipande, kwaiyo karatasi moja jambo moja. Kwanza umbo la nje peke yake. Karatasi ya pili vyumba vinne. Ya tatu damu inaingilia wapi, uzi mnene tofauti na mwembamba. Lebo zote kwa nukta nundu pembeni, isiwe juu ya mchoro. Na kumbe michoro ile myepesi ndo wenzake wanaoona walianza kuiazima, wanasema ile ya kwenye kitabu imejaa vitu mno.

Nikamsimulia habari za Geerat Vermeij, profesa wa California, hajaona toka ana miaka mitatu, na ni bingwa wa dunia wa makombe, yale magamba ya konokono wa baharini. Anayashika kwa vidole, na kwa vidole alitambua makovu ya kaa walioshindwa kulivunja kombe, akajenga hoja kubwa kabisa ya jinsi windo na mwindaji wanavyosukumana kubadilika kwa mamilioni ya miaka. Mwanachuo wetu akaniuliza swali moja tu, "Na yeye walimwambia asome Kiswahili na historia?" Sikuwa na jibu, mana najua yeye mwanachuo wetu aliambiwa na nani.

Jaribio la asidi na besi la kumshirikisha na yeye tulilihangaikia kwa kitunguu. Unakatakata kitunguu maji, unaweka na vitambaa viwili kwenye chombo chenye kifuniko usiku kucha, vitabu vinasema mfuko wa plastiki lakini mifuko kwetu imepigwa marufuku toka Juni 2019 kwaiyo kopo la siagi linatosha. Asubuhi vitambaa vinanuka kitunguu. Kimoja unadondoshea asidi hidrokloriki hafifu, kingine sodiamu hidroksidi hafifu, ambayo ni besi, unasuuza kwa maji, alafu unanusa. Cha asidi bado kinanuka, cha besi harufu imekufa. Mwanachuo wetu alitaja vitambaa vyote sawa mara sita mfululizo. Nikawaambia darasa zima wafunge macho wafanye na wao, na hapo mwenye pua bora akawa mwalimu.

Sasa msije mkadhani mambo yalienda kama maji. Kuanzia Aprili, mitihani ikaja, usahihishaji ukaja, kikundi kikafa miezi miwili. Mmoja wetu aliacha kabisa, alisema nafasi yake ya kupumua ni Alhamisi ile, na sikumlaumu. Kuna siku niliingia darasani kwa mwenzangu nikatoka nikamwambia makosa yake mbele ya wengine, akaninunia wiki tatu, na alikuwa sahihi. Toka hapo tukakubaliana anayekaa nyuma anaruhusiwa kusema alichokiona tu, wangapi, nani, sekunde ngapi, hukumu aitoe mwenye darasa. Na mkuu wa chuo, samahani kwa kusema mbele yako, wakuu wote wanapenda jambo likianza kuzaa waliwekee fomu. Kwetu ilikuja fomu, ina kisanduku cha alama, na wiki hiyo hiyo watu wakaanza tena kufundisha somo la mkaguzi. Tuliomba iondolewe, ikaondolewa, namshukuru mkuu wetu.

Kama kuna anayetaka takwimu, zipo. Scott Freeman na wenzake 2014 walikusanya tafiti 225 za madarasa ya vyuo ya sayansi, uhandisi na hesabu, wakakuta wanaosikiliza lekcha tu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wanaofanyishwa kazi darasani. 2020 Elli Theobald na wenzake wakaangalia hasa wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma kule Marekani, pengo la kufaulu likapungua kwa 45% pale walipofundishwa kwa kushirikishwa. Na vikundi vya walimu vya namna yetu sio uvumbuzi wetu, chuo kikuu cha Miami, hiki cha Ohio sio cha Florida, wanavyo toka 1979, kundi dogo la fani mchanganyiko mwaka mzima. Majirani zetu Kenya na Wajapani walianza SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji, 1998 kwa walimu wa sekondari wa hesabu na sayansi, panga, fanya, angalia, boresha, na kutumia vitu vya mazingira pale vifaa vinapokosekana. Sisi kitunguu tulikichukulia hapo hapo jikoni.

Yule kijana wa sifuri sasa ni mwalimu wa kemia. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe WhatsApp, hakunisalimia vizuri hata, kaandika "mwalimu ile bluu inaitwaje tena, nina watoto wawili kidato cha tatu vizibo vimewashinda." Amewapima kwa vizibo vya soda. Nikamtumia jina, na nikamtumia chupa ndogo kwa basi, fundi ndo aliyeifunga.

Naambiwa muda wangu umeisha na naona chai inaingia. Sisi tuko jirani tu, nauli sio kubwa. Jumanne ijayo saa nne asubuhi nafundisha mwaka wa pili elektrolisisi, kutenganisha kemikali kwa umeme, somo ambalo kila mwaka linanishinda pale kwenye anodi, nawapoteza wote. Nimemwomba mkuu wenu, mnakaribishwa wawili au watatu, msije na zawadi mje na daftari. Kiti ni kile cha nyuma kabisa karibu na mlango. Mguu wake mmoja ni mbovu, kiegemezeni ukutani.